Sura ya Nne: Polisi Wanapokukamata Bila Hati

Kila ninapozungumza na watu kuhusu sheria, iwe ni kwenye baraza la chifu, kanisani baada ya ibada au kwa kinyozi, swali hili huja kabla ya mengine yote: je, polisi wanaweza kunikamata bila waranti? Anayeuliza hana haja ya mhadhara. Ana kijana wake aliyechukuliwa juzi pale stejini, au yeye mwenyewe alilala seli akatoka Jumatatu bila kuambiwa alikosa nini.

Jibu ni ndiyo. Wanaweza. Kwa makosa mengi tunayoyasikia kila siku nchini Kenya, kuanzia wizi hadi mauaji, sheria haiwadai hati yoyote.

Ubaya ni kwamba wengi wakishapata jibu hilo hunyamaza, wakidhani haki zao zimeishia hapo. Mtu anapaza sauti, "Nionyesheni waranti!" Afisa anamjibu kwamba haihitajiki. Anaingia kwenye gari kichwa chini, na kuanzia hapo haulizi lingine. Kumbe alidai kitu ambacho sheria haikumwahidi, akaacha kudai alichoahidiwa. Alichoahidiwa ni sababu, papo hapo, kwa lugha anayoielewa, kisha hakimu ndani ya saa 24. Sura hii yote inahusu mambo hayo mawili.

Hati yenyewe ni nini

Hati ya kukamata, au waranti kama wengi wetu tunavyoiita, ni amri iliyoandikwa na kutiwa saini na hakimu au jaji, ikiwaagiza polisi wamkamate mtu aliyetajwa kwa jina, kwa kosa lililotajwa. Uzito wake hautoki kwenye karatasi. Unatoka kwa yule aliyetia saini: mtu asiyekuwa polisi, asiye na kesi na wewe, aliyesikiliza maelezo na kuridhika kwamba kuna haja ya kukunyima uhuru wako.

Njia ya hati hutumika sana pale ambapo hakuna haraka. Umepewa tarehe ya kesi hukufika, hakimu anatoa waranti. Shahidi ameitwa akakaidi, anatolewa waranti. Lakini mwizi aliyeonekana akiruka ua na runinga begani hawezi kusubiri afisa aende mahakamani kupanga foleni. Ndiyo maana sheria ikafungua mlango wa pili.

Mlango huo uko kwenye kifungu cha 29 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, sura ya 75 ya sheria za Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1930. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 nayo, katika kifungu cha 58, inarudia sehemu kubwa ya mamlaka hayo. Juu ya zote mbili imekaa Katiba ya 2010, na polisi akizitumia sheria hizo kinyume na Katiba, Katiba ndiyo inayoshinda.

Hali ambazo hati haihitajiki

Nitazitaja kwa maneno ya kawaida, nikiacha zile zisizomgusa mwananchi mara kwa mara, kama vile mwanajeshi aliyetoroka kambini. Polisi anaweza kukukamata bila hati iwapo:

- anakushuku, kwa msingi wa maana, kwamba umetenda kosa ambalo sheria inaruhusu ukamatwe bila hati;
- umevunja amani mbele ya macho yake, kwa mfano kupigana sokoni yeye akiona;
- unamzuia kufanya kazi yake, au umetoroka ukiwa chini ya ulinzi halali;
- umepatikana na kitu kinachoshukiwa kwa haki kuwa ni cha wizi;
- umepatikana usiku mahali pa umma katika mazingira ya kutia shaka;
- una vifaa vya kuvunjia nyumba na huna maelezo ya halali ya kuwa navyo;
- anaamini kwa sababu nzuri kwamba tayari kuna hati iliyotolewa dhidi yako, hata kama hana nakala mkononi.

Hali ya kwanza ndiyo pana kuliko zote, na inahitaji maelezo. Mwishoni mwa sheria ile ya sura ya 75 kuna jedwali refu. Kila kosa lililo katika Kanuni ya Adhabu limeandikwa humo, na mbele yake kuna safu inayoeleza kama polisi wanaweza kumkamata mtu kwa kosa hilo bila hati, au hawawezi. Mauaji, wizi wa mabavu, ubakaji na wizi wa kawaida yote yako upande wa kuweza. Yapo pia makosa, mengi yakiwa madogo, yaliyo upande wa pili, na kwa hayo afisa ni lazima apitie mahakamani kwanza. Kwa hiyo wakili anayeitwa kituoni huuliza kwanza, "Ni kosa gani?" Bila jina la kosa, hakuna anayeweza kusema kama ukamataji ulikuwa halali, hata huyo aliyekamata.

Shaka yenye msingi

Hapa ndipo kesi nyingi zinaposimama au kuanguka. Sheria haimtaki polisi awe na uhakika. Uhakika ni kazi ya mahakama baada ya ushahidi. Inamtaka awe na shaka, na shaka hiyo iwe na msingi.

Chukua mfano wa kijana aliyenunua simu ya mkono wa pili Luthuli Avenue, Nairobi, si dukani bali kwa mtu aliyesimama nje ya duka. Simu ya elfu ishirini ameipata kwa elfu sita. Hakuna risiti, hakuna boksi, chaja ni ya simu nyingine. Amelipa kwa noti. Wiki tatu baadaye maafisa wasio na sare wanamfikia kazini kwake Gikomba, wanasoma namba ya utambulisho wa simu, wanailinganisha na ile iliyo kwenye taarifa ya mwenye simu aliyeporwa, na zinafanana. Wanamkamata. Hawana hati.

Ukamataji huu ni halali. Kijana huyo pengine hajawahi kumpora mtu maishani mwake, lakini kitu cha wizi kimepatikana mkononi mwake, na hilo linatosha kumkamata. Halitoshi kumfunga. Kupokea mali ya wizi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14, ila upande wa mashtaka ni lazima uthibitishe kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba mali ile ni ya wizi. Bei ya elfu sita itazungumza dhidi yake. Lau angelipa kwa M-Pesa, ujumbe uliobaki ungeonyesha jina la aliyepokea pesa, siku na saa, na huenda mazungumzo yangeishia palepale kazini, maafisa wakaondoka na jina la mtu wa kumtafuta. Nawasihi wanunuzi wa vitu vya mkono wa pili walipe kwa njia inayoacha alama, na wadai japo karatasi yenye jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji.

Sasa mfano wa pili. Kijana mwingine amesimama kwenye kona ya mtaa wao, Mathare, saa kumi jioni. Ana rasta, amevaa kofia ya kufunika uso, anazungumza na wenzake wawili. Gari la polisi linasimama. "Ingia." Anauliza kwa nini. Anaambiwa, "Utajua mbele."

Hapo hakuna msingi. Kuwa kijana si kosa, kuwa na rasta si kosa, na kuishi Mathare si kosa. Mahakama ikimuuliza afisa huyo aliona nini, aliambiwa nini na nani, ni tukio gani lililotokea na ni nini kilichomhusisha kijana huyo na tukio lenyewe, atakosa la kusema. Kipimo ni hiki: mtu mwingine yeyote mwenye busara, asiyemjua mshukiwa, akipewa taarifa zile alizokuwa nazo afisa wakati ule, naye angeshuku? Zingatia maneno *wakati ule*. Bangi ikipatikana mfukoni mwa kijana baada ya kukamatwa, haigeuki kuwa sababu ya kumkamata. Sababu hutangulia.

Nasema haya bila kuwadharau maafisa wa doria, ambao hufanya kazi ngumu usiku na mchana. Lakini mazoea ya kukamata kwanza na kutafuta kosa baadaye yanakatazwa na ibara ya 29 ya Katiba, isemayo kwamba mtu hatanyimwa uhuru wake kiholela au bila sababu ya haki. Ni mazoea mabaya, na yanawaumiza zaidi wasio na wakili.

> Kwa kifupi: Polisi hahitaji hati kukukamata kwa makosa mengi. Anahitaji kosa lenye jina, na sababu inayokuunganisha wewe na kosa hilo, aliyokuwa nayo kabla ya kukushika.

Kutembea usiku

Wafanyakazi wa hoteli, walinzi, wauguzi wa zamu na makondakta wa magari ya mwisho huuliza hili zaidi ya wengine. Sheria inasemaje kuhusu mtu anayetembea saa sita ya usiku?

Kifungu kile cha 29 kinamruhusu polisi kumkamata mtu aliyemkuta barabarani au mahali pa umma saa za giza, ikiwa anamshuku kwa msingi kwamba yuko hapo kwa jambo lisilo halali, au ikiwa mtu huyo anashindwa kutoa maelezo ya kuridhisha kuhusu kuwapo kwake. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo hatari, kwa sababu mwenye kuridhika au kutoridhika ni afisa.

Maneno hayo yana historia. Sheria iliandikwa wakati Mwafrika katika mji wa Nairobi alihesabiwa kuwa mgeni anayepaswa kujieleza. Sheria ya kipande ilikuwa imepitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na wanaume Waafrika wakavishwa karatasi zao ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Polisi yeyote angeweza kumsimamisha mtu na kuisoma. Aprili 1954, katika msako wa Nairobi ulioitwa Operesheni Anvil, makumi ya maelfu ya watu walizolewa mitaani na kupelekwa kambini bila yeyote kati yao kuonyeshwa hati. Na miaka 60 baadaye, Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika msako wa Eastleigh na kwingineko, wakarundikwa katika uwanja wa Kasarani ili wachunguzwe. Mtu hukamatwa kwa sababu yake mwenyewe. Mtaa mzima hauwezi kuwa na sababu moja.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake kuhusu sheria za uzururaji barani. Ilisema kwamba sheria zinazomfanya mtu mhalifu kwa sababu tu hana makao, hana kazi au anaonekana akizurura, na zinazoruhusu akamatwe bila hati kwa msingi huo, hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, nayo ikayataka mataifa yazifute au yazirekebishe. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo. Wakili yeyote anayemtetea mtu aliyekamatwa kwa "kuzurura" ana haki ya kuyaweka maoni hayo mezani kwa hakimu.

Kwa sasa, ukisimamishwa usiku, maelezo mafupi yanayoweza kuthibitishwa hukusaidia: natoka kazini mahali fulani, nakaa mahali fulani, huyu ndiye msimamizi wangu, mpigie.

"Nitakuitia polisi unilipe pesa zangu"

Deni si jinai. Mwenye nyumba anayekudai kodi ya miezi miwili, rafiki aliyekukopesha, chama kinachokudai mchango: hao wote njia yao ni mahakama ya madai, na njia hiyo ina hatua zake. Polisi hana mamlaka ya kukukamata ili ulipe, wala ya kukalia meza ya mapatano kituoni huku wewe umefungiwa seli.

Kuna mstari hapa unaovukwa kwa urahisi, na wadai wanaujua. Ukichukua pesa za mtu kwa uongo tangu mwanzo, kwa mfano kumuuzia kiwanja ambacho si chako, hilo ni kosa la kujipatia mali kwa hila, na unaweza kukamatwa. Ukiandika hundi huku ukijua akaunti haina pesa, hilo nalo ni kosa. Tofauti iko kwenye nia ya mwanzo. Aliyekopa akikusudia kulipa, kisha biashara ikamwangusha, ana deni. Basi mtu akikuambia uko kituoni kwa sababu ya pesa, muulize afisa kwa upole: "Afande, kosa ninaloshukiwa linaitwaje?" Jibu likiwa "Lipa kwanza uende nyumbani," mwite wakili.

Raia naye anaweza kukamata

Ndiyo, hata wewe. Kifungu cha 34 cha sheria ile ya sura ya 75 kinamruhusu mtu asiye polisi kumkamata anayetenda mbele yake kosa la kukamatwa bila hati, au anayemshuku kwa msingi kwamba ametenda kosa kubwa. Lakini wajibu unaofuata ni mmoja tu: kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Mwizi aliyeshikwa na umati akapigwa mawe au kuvishwa tairi hajakamatwa. Ameuawa, na waliomuua ni wauaji mbele ya sheria, wote walioshiriki.

Je, umekamatwa kweli?

Mara nyingine polisi hawasemi kwamba wanakukamata. Husema, "Njoo tu kituoni tuongee kidogo." Kisheria, kukamatwa huwa ni pale afisa anapokugusa au kukuzuia mwilini, au wewe unapojisalimisha kwa neno au kwa kitendo. Kama hukukamatwa, uko huru kuondoka. Swali la kuuliza ni fupi: "Nimekamatwa, au naalikwa?" Afisa akitaka uje kituoni utoe maelezo kuhusu jambo unalolijua, sheria ya polisi ya 2011 inamtaka akuite kwa maandishi.

Akisema umekamatwa, yafuatayo yanaanza kazi mara moja, yote kutoka ibara ya 49 ya Katiba. Unapaswa kuambiwa sababu bila kuchelewa na kwa lugha unayoielewa. Bibi wa Turkana asiyejua Kiswahili wala Kiingereza hajaambiwa kitu mpaka aambiwe kwa Kiturkana. Una haki ya kunyamaza, na ya kuelezwa matokeo ya kutonyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unauhitaji. Hupaswi kulazimishwa kukiri jambo lolote. Na hupaswi kuwekwa pamoja na watu wanaotumikia kifungo.

Afisa mwenye sare anatakiwa kuwa na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Asiye na sare, askari kanzu, muombe kitambulisho cha kazi kabla hujaingia kwenye gari lake. Ombi hilo linalinda maisha: watu wamewahi kuchukuliwa na majambazi waliojiita polisi, na katika miaka ya karibuni familia nyingi za Kenya zimehangaika kutoka kituo hadi kituo zikimtafuta mtu aliyebebwa na watu wasio na sare, kwenye magari yasiyo na alama. Mwanamke akipekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha.

Nguvu itumike kwa kadiri ya lazima tu. Asiyekimbia wala kupigana hastahili kupigwa, na sheria inasema wazi kwamba mtu asizuiwe kuliko inavyohitajika ili asitoroke. Kwa upande wako, usimsukume afisa hata kama unaamini amekosea. Kumshambulia au kumpinga polisi anayetekeleza kazi yake ni kosa linaloweza kukupeleka jela, na mtu aliyekamatwa bila sababu ya maana hujikuta ametengeneza sababu mwenyewe. Pinga kwa maneno, kwa majina na kwa saa. Mahakama ndiyo mahali pa kushindana.

Saa 24

Chini ya Katiba ya zamani, mshukiwa wa kosa la kunyongwa angeweza kukaa mikononi mwa polisi hadi siku 14 kabla ya kumwona hakimu. Watu waliteswa katika siku hizo. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilikata hesabu hiyo kwa kila kosa, liwe ni kuiba kuku au kuua mtu: ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na usizidishiwe saa 24 tangu kukamatwa.

Kuna kipengele cha ziada ambacho kila mtu anapaswa kukijua. Saa 24 zikiisha nje ya saa za mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Uliyekamatwa Jumanne saa nne asubuhi, uwe mbele ya hakimu kufikia Jumatano saa nne. Uliyekamatwa Ijumaa saa tisa alasiri, saa zako zinaisha Jumamosi, mahakama imefungwa, na polisi wana hadi mwisho wa Jumatatu. Karibu siku tatu. Ndiyo sababu mawakili wanaogopa ukamataji wa Ijumaa, na ndiyo sababu mtu aliyetakiwa tangu Jumatatu lakini akakamatwa Ijumaa jioni ana haki ya kumuomba hakimu aulize kwa nini ilisubiriwa siku hiyo.

Siku ya kwanza mahakamani ni lazima ushtakiwe, au uelezwe sababu ya kuendelea kuzuiliwa, au uachiliwe. Dhamana ni haki yako, kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kukunyima. Na kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inasema usiwekwe rumande kabisa. Mama anayeuza mboga bila leseni anaweza kuwa humo.

Kabla ya mahakama, mkuu wa kituo, yule tunayemwita OCS, anaweza kukuachilia kwa bondi ya polisi kwa makosa yasiyo mazito. Bondi hiyo ni bure. Ukitakiwa kuweka dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, kwa sababu pesa hizo ni zako na zinarudishwa. Pesa isiyo na risiti ni hongo, na kumpa polisi hongo ni kosa lako pia.

> Kwa kifupi: Sababu papo hapo. Wakili na ndugu wajulishwe. Hakimu ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Bondi ya polisi hailipiwi.

Ukivuka Namanga

Msomaji mwenye biashara pande zote mbili za mpaka ajue kwamba Tanzania Bara ina sheria yake, iliyotungwa mwaka 1985, na Zanzibar ina yake. Kanuni kubwa zinafanana: polisi wa Bara naye anaweza kukamata bila hati kwa uvunjaji wa amani mbele yake au kwa mali inayoshukiwa ni ya wizi, na muda wa kawaida ni saa 24. Jambo moja ni tofauti. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe bila hati na kuwekwa ndani hadi saa 48, pale wanapoamini kwamba ana uwezekano wa kuvunja amani. Wanatakiwa kuandika sababu, na muda ukiisha bila mtu huyo kufikishwa kwa hakimu, aachiliwe. Malalamiko ya wanasheria wa Tanzania kwamba uwezo huo hutumika kuwaadhibu watumishi na waandishi wa habari ni ya muda mrefu, nami naona wana haki ya kulalamika. Mwanasiasa hapaswi kushika ufunguo wa seli.

Ukikamatwa kinyume cha sheria

Watu hudhani kwamba kukamatwa vibaya kunafuta kesi. Si hivyo. Mahakama za Kenya zimeshikilia kwamba mtu aliyezuiliwa kupita muda anaweza kulipwa fidia, lakini kesi yake ya msingi haifi kwa sababu hiyo peke yake. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki zako, kama ungamo la kulazimishwa, ndio unaoweza kutupwa nje. Malalamiko dhidi ya afisa hupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Na mtu akishikiliwa mahali pasipojulikana, ndugu zake wanaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake, akiwa hai, na walio naye waeleze kwa nini wanamshikilia. Haki hiyo ni kati ya zile chache ambazo Katiba, ibara ya 25, inasema haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote.

Kwa hayo yote utahitaji rekodi. Mtu wako akikamatwa, nenda kituoni mara moja, ukiwa na kalamu na mtu wa pili wa kushuhudia. Omba namba ya kitabu cha matukio, ile OB. Omba jina la afisa anayechunguza, na jina la kosa. Hakikisha jina la mtu wako limeandikwa, kwa sababu asiyeandikwa ni rahisi kukanwa. Usitegemee saa iliyo kwenye OB peke yake: Katiba inahesabu saa 24 kuanzia pale alipokamatwa, na huenda alizungushwa kwenye gari saa tano nzima kabla ya kuingizwa kitabuni. Waulize waliokuwepo alishikwa saa ngapi, wapi na nani, kisha iandike saa hiyo na uitunze mpaka siku ya mahakama.